Kabla Juice haijafika Mshtarii: Somo kutoka Ziwa Nakuru

SIKU mbili zilizofuatana mwezi wa Aprili mwaka 2023 zilishuhudia safari mbili za anga za juu ambazo hazikulingana hata kidogo. Mnamo Aprili 14, chombo kiitwacho Juice, mali ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya (ESA), kilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, kikaanza safari ya miaka minane kuelekea sayari ya Mshtarii. Siku iliyofuata, roketi nyingine ilipaa kutoka kambi ya Vandenberg, jimbo la California, Marekani, ikiwa imebeba Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuchunguza ardhi.

Chombo cha kwanza kina uzito wa tani sita hivi na mradi wake umegharimu takriban Euro bilioni 1.6. Cha pili ni kidogo kiasi cha kubebwa mikononi, na kiligharimu takriban Sh50 milioni. Cha kwanza kitafika karibu na Mshtarii kwa mara ya kwanza Julai 2031. Cha pili kilikusudiwa kupita juu ya vichwa vyetu tena na tena, kikipiga picha za mashamba, misitu na maziwa.

Kwa mkazi wa Nakuru, Naivasha au Baringo, huenda habari za Mshtarii zikaonekana kuwa anasa ya mataifa tajiri. Mtu ambaye nyumba yake imezingirwa na maji ya ziwa ana haki ya kuuliza sayari ya mbali inamhusu nini. Hata hivyo, ukichunguza jinsi wanasayansi wanavyoisubiri siku hiyo ya 2031, na walivyozisubiri siku nyingine kama hiyo zamani, utapata somo ambalo Bonde la Ufa linalihitaji mno.

Safari ya kupinda

Juice hakikuelekezwa Mshtarii moja kwa moja. Roketi iliyokirusha haikuwa na nguvu za kukifikisha huko kwa mkupuo mmoja. Kwa hivyo kilipangiwa kupita karibu na sayari za njiani, ili nguvu za mvutano za sayari hizo zikipinde na kukiongezea kasi, kama vile teo linavyolipa jiwe kasi kabla ya kuachiliwa.

Mnamo Agosti 19 na 20, 2024, kilipita karibu na Mwezi na kisha Dunia, zoezi la pamoja ambalo halikuwa limewahi kufanywa na chombo kingine. Agosti 31, 2025, kilipita karibu na Zuhura. Ratiba yake inajumuisha kupita karibu na Dunia mara mbili zaidi, Septemba 2026 na Januari 2029, kabla ya kuelekea Mshtarii. Huko kimepangiwa kupita karibu na miezi mikubwa ya sayari hiyo mara 35, na mwishowe kuuzunguka mwezi wa Ganymede, ambao ni mkubwa kuliko miezi yote katika mfumo wetu wa jua.

Siku ya kufika haitakuwa na nafasi ya kusahihisha makosa. Kutoka Mshtarii, mawimbi ya redio huchukua zaidi ya nusu saa kufika Duniani. Mhandisi akipokea habari kwamba mambo yameharibika, yatakuwa yameharibika zamani. Kila agizo lazima liandikwe na kujaribiwa mapema, na chombo chenyewe lazima kiwe tayari kujiamulia.

Ndiyo maana hitilafu hutafutwa mapema. Wiki chache baada ya Juice kurushwa, antena yake ya rada, yenye urefu wa mita 16, ilikataa kukunjuka. Wahandisi walikitikisa chombo kwa kuwasha injini zake, wakakigeuza ili sehemu iliyokwama ipate joto la jua, na hatimaye Mei 12, 2023 antena ikaachilia. Walikuwa na miaka minane mbele yao, lakini hawakuiacha hata mmoja upite wakitumaini kwamba tatizo litajitatua.

Nakuru nyingine, karibu na Zohali

Wakenya wengi hawajui kwamba katika mfumo huu wa jua kuna Nakuru ya pili. Iko kwenye Titan, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, karibu na upande wa kaskazini. Ni bonde lenye upana unaokaribia kilomita 190, na jina lake rasmi ni Nakuru Lacuna. Neno hilo la pili ni la Kilatini, na Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia hulitumia kwa kitako cha ziwa kinachodhaniwa kuwa kikavu. Nakuru hiyo ilipewa jina la ziwa letu.

Haiko peke yake. Kwenye Titan kuna Kivu, lililopewa jina la ziwa lililo mpakani mwa Rwanda na Kongo, na Ngami, kwa heshima ya ziwa la Botswana ambalo hukauka na kujaa. Kivu liliwekwa katika orodha ya maziwa yenye kimiminika. Ngami na Nakuru yaliwekwa katika orodha ya vitako vikavu.

Jinsi majina hayo yalivyofika huko ni kisa cha kusubiri, kukisia na kukosea. Titan iligunduliwa mwaka 1655 na Christiaan Huygens, Mholanzi. Ni kubwa kuliko sayari ya Zebaki, na ina hewa nzito kuliko yetu. Kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kilichokuwa chini ya hewa hiyo.

Chombo cha kwanza kupita karibu na Zohali kilikuwa Pioneer 11, mwezi wa Septemba 1979. Mwaka uliofuata, Novemba 12, 1980, Voyager 1 kilipita karibu na Titan yenyewe. Wanasayansi walikuwa wameisubiri siku hiyo kwa hamu kubwa, kiasi kwamba walikubali njia ya chombo ipindwe na kukiondolea nafasi ya kuzitembelea sayari nyingine baadaye. Walipopokea picha, waliona utando wa rangi ya chungwa, mithili ya ukungu usiopenyeka. Ardhi haikuonekana.

Hata hivyo, vipimo vya hewa vilionyesha kuwapo kwa methani, gesi ambayo katika baridi ya Titan, nyuzi 179 chini ya sufuri, inaweza kunyesha kama mvua. Kutokana na dalili hizo, baadhi ya wataalamu walikisia miaka ya 1980 kwamba huenda Titan yote ilifunikwa na bahari. Basi kilipotengenezwa chombo cha kutua huko, kilichopewa jina la Huygens, wahandisi walizingatia kwamba huenda kikaangukia majini.

Cassini, chombo kilichombeba Huygens, kilirushwa Oktoba 15, 1997 na kufika Zohali karibu miaka saba baadaye. Mnamo Oktoba 26, 2004 kilipita kwa mara ya kwanza karibu kabisa na Titan, umbali wa takriban kilomita 1,200, na kutumia rada kupenya ule utando. Bahari iliyotarajiwa haikuonekana. Januari 14, 2005, Huygens kilitua mahali palipokuwa na vipande vya barafu mfano wa kokoto za mtoni. Wengi wangeweza kuhitimisha kwamba hadithi ya maziwa ilikuwa ndoto.

Lakini Cassini kiliendelea kupita. Julai 2006, kilipopita juu ya maeneo ya kaskazini, rada yake ilionyesha mabaka meusi, laini kama kioo. Rada huona maji au kimiminika kingine kilichotulia kuwa cheusi, kwa kuwa uso laini huyarusha mawimbi upande mwingine badala ya kuyarudisha. Maziwa yalikuwapo, ila si pale yalipotarajiwa. Mwaka 2010 wingu kubwa lilionekana karibu na ikweta ya Titan, na baadaye ardhi ikaonekana kuwa nyeusi zaidi, dalili kwamba mvua ilikuwa imenyesha.

Hadi kilipoangamizwa kwa makusudi ndani ya hewa ya Zohali Septemba 15, 2017, Cassini kilikuwa kimepita karibu na Titan mara 127. Kupita kwa kwanza kuliwapa wanasayansi picha. Zile nyingine 126 ndizo zilizowapa uelewa wa mambo yanayobadilika.

Jina la ukame, ziwa la mafuriko

Hapa ndipo mkazi wa Nakuru anapohusika. Waliolipa bonde la Titan jina la Nakuru hawakukosea. Ziwa Nakuru lilijulikana ulimwenguni kuwa ziwa la chumvi lenye kina kifupi, ambalo katika miaka ya ukame hupungua mno na kuacha vumbi jeupe. Hali hiyo ilishuhudiwa miaka ya 1990, heroe wakalihama na kutafuta chakula kwingineko. Aliyelitazama wakati huo angeapa kwamba ziwa hilo linakufa.

Kuanzia mwaka 2010 mambo yaligeuka. Ziwa lililokuwa na ukubwa wa takriban kilomita mraba 40 lilizidi kupanuka hadi likakaribia kilomita mraba 70 kufikia mwaka 2020. Lango kuu la zamani la Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru lilizama. Maji yalifika katika makazi ya Mwariki na Barut. Chumvi ilipopungua kwa kuzidiwa na maji ya mvua na mito, chakula cha heroe kilipungua pia, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria.

Nakuru haikuwa peke yake. Ziwa Baringo lilimeza shule, zahanati na hoteli. Katika Ziwa Naivasha, wakazi wa mtaa wa Kihoto walihama mwaka 2020, na mwishoni mwa 2025 maji yakarudi tena na kuwafukuza maelfu. Ripoti ya serikali iliyotolewa mwaka 2021 ilisema kufurika kwa maziwa ya Bonde la Ufa pamoja na Ziwa Victoria kulikuwa kumeacha karibu watu 380,000 wakihitaji msaada katika kaunti 13.

Ripoti hiyo ilitaja mvua nyingi kuwa chanzo kikuu, huku uharibifu wa misitu na mmomonyoko wa udongo katika maeneo ya vyanzo vya mito ukizidisha hali. Maziwa kama Nakuru hayana mto wa kutolea maji. Kinachoingia kupitia mito ya Njoro, Makalia na Nderit hubaki humo hadi jua litakapokigeuza mvuke.

Ardhi yenyewe ilikuwa imetoa ushahidi tangu kale. Takriban miaka 9,000 iliyopita, maziwa ya Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa. Katika Hyrax Hill, kilima kilicho pembezoni mwa jiji la Nakuru ambako Mary Leakey alichimbua mabaki ya kale miaka ya 1930, wageni huelezwa kwamba maji yaliwahi kufika chini ya kilima hicho. Hata katika karne ya 20, Ziwa Naivasha lilikuwa juu zaidi mwanzoni mwa karne hiyo kuliko lilivyokuwa miaka ya 1940.

Kosa, basi, halikuwa la kukosa habari. Kosa lilikuwa la kutazama mara moja na kuamini kwamba umeona yote. Mwananchi aliyenunua ploti karibu na ziwa mwaka wa ukame aliona nchi kavu, akaonyeshwa vigingi, akalipa. Hakuambiwa kwamba vigingi hivyo vilikuwa ndani ya ziwa miongo kadhaa nyuma, na kwamba vingeweza kurudi majini. Alikuwa kama chombo kinachopita karibu na sayari mara moja, kikapiga picha, kikaenda zake. Tofauti ni kwamba chombo hakikuweka akiba ya maisha yake yote pale.

Macho yapo, masikio je?

Leo hakuna sababu ya kutazama mara moja tu. Setilaiti za Marekani za Landsat zimekuwa zikipiga picha za Dunia tangu mwaka 1972, na tangu 2008 hazina hiyo ya picha imefunguliwa kwa kila mtu bila malipo. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, hutumia rada inayopenya mawingu. Ni mbinu ile ile iliyotumiwa na Cassini kuona chini ya utando wa Titan, na ndiyo inayoweza kuonyesha ukingo wa Ziwa Naivasha hata katikati ya masika, wakati ambapo picha za kawaida huonyesha mawingu matupu.

Kenya nayo si mgeni katika mambo haya. Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengewa uchunguzi wa miale ya eksirei angani, ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru wetu. Mwaka huo huo kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa lenyewe. Kituo cha kikanda cha ramani na rasilmali, RCMRD, kimekuwapo Nairobi tangu 1975, na Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017.

Kwa hivyo macho yapo. Linalokosekana ni utaratibu wa kuyageuza yanayoonekana kuwa uamuzi kabla maji hayajafika mlangoni. Picha ya setilaiti inaweza kuonyesha kwamba ziwa limesogea mita 50 katika mwezi mmoja. Haiwezi kumzuia afisa kuidhinisha ujenzi katika ardhi iliyo kwenye njia ya maji, wala haiwezi kumtafutia mama wa watoto wanne mahali pa kuhamia.

Kuna watakaosema kwamba fedha za setilaiti zingefaa kununua mahema na unga. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mahema na unga hununuliwa baada ya hasara kutokea. Aidha, si lazima uchunguzi uwe wa gharama kubwa. Picha nyingi tayari ni za bure. Zinahitaji kuambatanishwa na vipimo vya kawaida vya kina cha maji ukingoni, vipimo vya mvua katika miinuko ya Mau na Aberdare, na wataalamu wa kutosha wa kuvisoma. Setilaiti huona upana wa ziwa vizuri, lakini kina chake na tope linalojaa chini huhitaji mtu aliye kwenye mashua.

Matatu yanaweza kufanywa bila kusubiri roketi. Kwanza, kaunti zichore ramani ya kiwango cha juu kabisa ambacho kila ziwa limewahi kufikia, na ramani hiyo ibandikwe mahali pa wazi katika ofisi za ardhi, ili anayenunua ploti aione kabla ya kulipa. Pili, taarifa za kupanda kwa maji zitolewe kila mwezi, kama zinavyotolewa taarifa za hali ya hewa, wala zisingojee mitaa izame. Tatu, mipango ya kuwahamisha watu iandaliwe wakati maji yameshuka, kwa kuwa hapo ndipo pana muda wa kujadiliana na wenyeji kuhusu fidia na mahali pa kwenda.

Hilo la tatu ndilo gumu zaidi. Maji yakishuka, watu hurejea, bei ya ploti hupanda tena, na wanasiasa hupoteza hamu. Wakazi nao wana sababu zao. Wengi wao hawakaribii ziwa kwa kupenda, bali kwa kuwa hapo ndipo kodi ya nyumba ni nafuu na kazi za mashamba ya maua au za uvuvi ziko karibu. Kuwaambia wahame bila kuwaonyesha wanakoenda ni kuwafukuza kwa mara ya pili.

Watakaposhangilia

Julai 2031, iwapo kila kitu kitakwenda sawa, wahandisi wa Juice watakuwa wamekaa mbele ya mitambo yao wakisubiri ishara kwamba chombo kimefika salama. Chombo cha Marekani cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 14, 2024, kimepangiwa kutangulia kufika Mshtarii mnamo Aprili 2030. Mwaka 2034 kingine, Dragonfly, chenye mapanga ya kupaa kama helikopta, kinatarajiwa kutua kwenye Titan, iwapo kitarushwa Julai 2028 kama ilivyopangwa.

Watakaoshangilia siku hizo watakuwa wamejiandaa kwa miaka mingi. Watakuwa wanajua pia kwamba sehemu ya waliyoyakisia itapatikana kuwa si kweli, na wamejiwekea nafasi ya kukosea, kama walivyokiandaa Huygens kwa nchi kavu na kwa maji.

Wakati huo Ziwa Nakuru huenda likawa limepungua, au likawa limepanuka zaidi. Hakuna anayeweza kuapa. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba halitabaki lilivyo leo, maana halijawahi kubaki lilivyo. Mtoto anayezaliwa Kihoto au Mwariki sasa atakuwa shuleni siku Juice kitakapofika, na shule yake itakuwa mahali palipochaguliwa kwa ramani, au mahali palipochaguliwa kwa kutazama mara moja katika mwaka wa jua kali.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika Bonde la Ufa mawingu hayo yameonekana kutoka ardhini na kutoka angani, tena si mara moja. Kilichobaki ni kwa wenye mamlaka kuyasoma mapema, kabla hawajaitwa tena kugawa mahema.